Maswali na Majibu: Kachero wa Kike Nyuma ya Pazia

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaotunga riwaya za upelelezi mpole: mtu anakufa, ila damu haimrukii msomaji, na anayefumbua fumbo ni mwanamke anayeishi miongoni mwa waigizaji, waimbaji na wafanya mazingaombwe. Karibu wote wameiweka hadithi London, kati ya enzi za Malkia Victoria na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Tumekawia kwenye ufundi wa ukumbi kwa sababu ndiko riwaya hizi zinakovunjikia. Kachero anakuwa mzuri, muuaji anakuwa mzuri, lakini taa, kamba, saa na milango ya ukumbi havifanyi kazi kama vilivyofanya kweli.

Shikamooni wahariri. Hadithi yangu ni ya mwaka 1888. Shujaa wangu ni inspekta wa kike wa Scotland Yard, yaani makao makuu ya polisi wa London, aliyejificha kama mwigizaji. Rafiki yangu anasema jambo hilo haliwezekani. Nani mkweli?

Marahaba. Rafiki yako ndiye mkweli. Polisi wa London walianza kuwa na doria rasmi za wanawake mwaka 1919. Katika miaka ya 1880 wanawake waliokuwa kwenye malipo ya polisi kazi yao ilikuwa kuwalinda na kuwapekua mahabusu wa kike, basi. Inspekta wa kike mwaka 1888 atamtoa msomaji makini kwenye hadithi kabla ya sura ya pili.

Lakini mlango wa pili upo wazi, tena una utamu zaidi. Sheria ya talaka ya mwaka 1857 ilimtaka mume anayeomba talaka athibitishe uzinzi wa mkewe. Mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi wa mumewe na kosa jingine juu yake, kama vile ukatili au kutelekezwa. Ushahidi wa namna hiyo hauokotwi njiani, kwa hiyo ofisi za upelelezi binafsi zikapata kazi, na zikawatumia wanawake kwa sababu mwanamke angeweza kukaa jikoni, sebuleni au chumba cha kushonea bila kuulizwa ana shughuli gani. Huko Marekani jambo hilo lilikuwa limeshaanza: Kate Warne aliajiriwa na ofisi ya upelelezi ya Pinkerton mjini Chicago mwaka 1856.

Kwa hiyo mtoe polisi, mpe ajira ya ukumbini. Ushauri wetu ni kwamba asiwe mwigizaji, awe mvalishaji. Mwigizaji anatazamwa na watu wote, na jioni nzima amefungwa na zamu zake. Mvalishaji anaingia kila chumba cha kuvalia na mikono yake imebeba nguo, kwa hiyo hakuna anayemwona. Anafunga kamba za koseti, kwa hiyo anajua nani amenenepa, nani amekonda ghafla, nani ana alama ya vidole mkononi. Anapanga vito vya bandia, kwa hiyo jiwe la kweli likichanganyika humo atalijua kwa uzito. Anatoa barua mifukoni kabla ya kupeleka nguo kwa dobi.

Shida yake itakuwa moja: hana mamlaka. Hawezi kupata hati ya upekuzi wala kumlazimisha mtu ajibu. Hapo mtumie korona, yaani afisa anayechunguza vifo vya ghafla. Kikao chake kilikuwa cha hadhara, mara nyingi kwenye ukumbi wa baa ya jirani, na baraza la wazee wa kikao lilipaswa kuutazama mwili kwa macho. Mvalishaji aliyemvika marehemu usiku ule ni shahidi wa lazima. Ataitwa, ataapishwa, na ataulizwa maswali mbele ya washukiwa wote wamekaa. Hiyo ni sura nzima umepewa bure.

Washukiwa wangu sita wote wako ukumbini usiku wa tukio. Nimechanganyikiwa na saa. Nitajuaje nani alikuwa wapi?

Tumia miito ya ukumbi. Katika kumbi za Uingereza wasanii huitwa mara nne kabla ya pazia kufunguliwa, na hesabu yake humnasa mgeni. Wakisema "nusu saa" hawamaanishi nusu saa kabla ya pazia. Wanahesabu kurudi nyuma kutoka mwito wa mwisho, ule wa wanaoanza, ambao huitwa dakika 5 kabla ya pazia. Kwa hiyo pazia likifunguliwa saa 2:00 usiku, "nusu" huitwa saa 1:25, "robo" saa 1:40, "tano" saa 1:50, na wanaoanza huitwa saa 1:55.

Ona kinachotokea. Mtu anayedai kazi yake ni ya jukwaani miaka yote anamwambia kachero: "Nilimwacha akiwa hai. Nakumbuka kabisa, robo ilikuwa ikiitwa, saa ikigonga mbili kasorobo." Mvalishaji anaendelea kukunja nguo, lakini amemkamata. Robo huitwa saa 1:40. Anayeipeleka kwenye mbili kasorobo hakuusikia mwito huo. Aliuhesabu kwa akili za mtu wa mtaani. Tena kidokezo hiki ni cha haki, maana unaweza kumweleza msomaji hesabu ya miito katika sura ya kwanza, kijana wa kuita wasanii anapopita akigonga milango, kisha ukanyamaza hadi sura ya kumi na tano.

Kama hadithi yako ni ya kumbi za burudani, zile za nyimbo, vichekesho na sarakasi, saa inabadilika kabisa. Huko msanii mmoja aliweza kutumbuiza kumbi mbili, tatu au zaidi usiku mmoja, akikimbizwa na gari la farasi, na namba ya zamu ikionyeshwa kwenye fremu pembeni mwa jukwaa. Chora jedwali: ukumbi, namba ya zamu, dakika za kuingia na kutoka, dakika za njiani. Gari la farasi la kukodi barabara ikiwa wazi lipe kilomita 10 hadi 13 kwa saa, si zaidi. Kilomita 3 basi ni dakika 14 hadi 18, bila kuhesabu ukungu wala msongamano wa milango ya kumbi watu wanapotoka. Waandishi wengi husahau dakika za kushuka ngazi na kuvaa koti. Ongeza 5 kila upande, utaona washukiwa wawili wanatoka wenyewe kwenye orodha.

Jambo la kuangalia: zamu zikibadilishana, namba haibadiliki kwenye karatasi ya programu iliyochapwa mchana. Watazamaji 800 wataapa kuwa namba 7 alikuwa mwimbaji fulani kwa sababu wamesoma hivyo. Aliyebadilisha namba kwenye fremu ndiye anayejua ukweli, na hakuna anayemuulizaga.

Muuaji wangu anaizima gesi kutoka chini, taa ya chumba cha mwigizaji inazimika, kisha anaifungua tena. Mwigizaji amelala wakati wa mapumziko, anavuta gesi, anakufa. Je, inakubalika?

Nusu yake inakubalika, tena ni nzuri sana. Kumbi zilizowaka kwa gesi zilikuwa na meza ya gesi, yaani mabomba na valvu zilizokusanywa mahali pamoja pembeni mwa jukwaa, na mtu mmoja akizisimamia taa zote. Akifunga valvu, moto hufa. Akifungua tena bila mtu kuwasha, gesi hutoka mbichi. Ajali za aina hiyo ndizo zilizoziogopesha nyumba za enzi zile, na gesi ya makaa ilikuwa na kaboni monoksidi ndani yake.

Kinachokwama ni kipimo. Taa moja ya kawaida ya gesi ilitumia kama futi za ujazo 5 kwa saa, yaani lita 140 hivi. Chumba cha kuvalia cha mita 3 kwa 4, chenye dari ya mita 3, kina lita 36,000 za hewa. Mapumziko ya robo saa yatatoa lita 35 tu: chini kidogo ya sehemu 1 kati ya 1,000. Tena gesi ile ilinuka. Mwigizaji wako ataamka na kichwa kizito, atalaumu bomba, na ataingia jukwaani kwa sehemu ya pili.

Tungekuwa sisi tungeiacha hivyo hivyo. Jaribio lililoshindwa katika sura ya nne lina kazi kubwa kuliko mauaji, kwa sababu linamwambia kachero mambo matatu kwa mpigo: muuaji anaifikia meza ya gesi, anajua bomba lipi linakwenda chumba kipi, na hajui hesabu. Msimamizi wa gesi angeijua hesabu. Kwa hiyo si yeye, ingawa kila mtu anamnyooshea kidole.

Angalia na mwaka wako. Ukumbi wa Savoy wa London ulifunguliwa mwaka 1881 ukiwa na taa za umeme, takriban 1,200, na kumbi nyingine zikafuata kwa mwendo wao. Ukiandika ya mwaka 1895, amua mapema kama ukumbi wako bado una gesi, una umeme, au una vyote viwili.

Basi ni kitu gani cha ukumbini kilichokuwa hatari kweli kweli?

Nguo. Moto wa wazi ulikuwa ukingoni mwa jukwaa na pembeni, na wachezaji wa dansi walivaa melimeli nyepesi, tabaka juu ya tabaka, zenye hewa katikati. Clara Webster alishika moto akicheza katika ukumbi wa Drury Lane, London, mwaka 1844 na akafa siku chache baadaye. Emma Livry alishika moto kwenye mazoezi huko Paris mwaka 1862 na akafa mwaka uliofuata baada ya miezi ya mateso. Dawa ya kuzuia moto ilikuwapo: kitambaa kililowekwa kwenye maji ya shabu (alum) na chumvi nyingine, kikakaushwa. Livry aliikataa kwa sababu ilikikakamaza kitambaa na kukiondolea weupe wake. Inafaa kuliandika hilo kwa heshima. Binti aliishi kwa wepesi wa sketi yake, na dawa ile iliuondoa wepesi huo.

Sasa hapa mvalishaji wako ana kidokezo ambacho inspekta yeyote wa kiume angekipita. Dawa ya shabu inayeyuka kwenye maji. Sketi ikifuliwa, kinga imekwenda na maji ya dobi, na lazima iloweshwe upya kila baada ya kufuliwa. Aliyetaka kuua hakuhitaji kiberiti. Alihitaji kuifua sketi kimyakimya na kuirudisha kwenye ndoano yake. Kachero anakwenda kwenye kabati la mavazi baada ya mkasa. Sketi tano za wachezaji wenza zinakwaruza kidogo zikisuguliwa kwa vidole, na akigusa upindo kwa ncha ya ulimi mdomo unakunjamana kama aliyelamba embe bichi. Kipande kilichosalia cha sketi ya sita ni laini, hakina ladha. Nguo zote sita zilitibiwa siku moja, na yeye mwenyewe ndiye aliyezitibu.

Kwa kuwa hadithi ni ya kipole, mchezaji asife. Sketi ishike moto ikiwa kwenye ndoano, au mtu amfunike kwa blanketi zito lililolowa maji, ambalo ukumbi wenye akili uliliweka tayari pembeni.

Naweza kumnasa muuaji kwa alama za vidole alizoacha kwenye kioo, vidole vikiwa na rangi ya uso? Ni mwaka 1895.

Hapana. Henry Faulds aliandika kuhusu alama za vidole mwaka 1880, na Francis Galton akatoa kitabu chake mwaka 1892, lakini ofisi ya alama za vidole ya Scotland Yard ilianzishwa mwaka 1901, na hukumu ya kwanza ya mauaji kwa ushahidi huo nchini Uingereza ni ya mwaka 1905, kesi ya ndugu wawili wa Stratton. Kachero wa mwaka 1895 anaweza kuona alama nzuri kabisa kiooni na asiwe na wa kumpelekea.

Rangi yenyewe, hata hivyo, inasema. Ludwig Leichner wa Berlin alianza kuuza vijiti vya rangi ya mafuta vyenye namba mwaka 1873. Wanaume waliotaka uso wa kawaida wa jukwaani walizoea kuchanganya namba 5, iliyopauka kama pembe, na namba 9, nyekundu ya tofali. Mchanganyiko huo ukionekana kwenye kola ya marehemu, si wa mchekeshaji aliyejipaka nyeupe wala wa anayeigiza mzee. Umeshapunguza washukiwa.

Na usimwache mtu akanawa uso kwa maji sekunde tatu, akatokea barabarani msafi. Rangi ile ni mafuta. Huondolewa kwa krimu au siagi ya kakao, ikafutwa kwa kitambaa mara mbili tatu, ndipo sabuni. Mwenye haraka huiacha mahali pale pale siku zote: nyuma ya masikio, kwenye mstari wa nywele, ndani ya kope. Mvalishaji huangalia hapo bila kufikiri, kwa sababu ndipo rangi inapochafua kola anazozifua yeye.

Aseniki je? Nimeambiwa iliuzwa kama chumvi.

Si baada ya mwaka 1851. Sheria ya mwaka huo ilimtaka muuzaji aandike mauzo kwenye daftari na mnunuzi atie sahihi. Mnunuzi asiyejulikana dukani alihitaji shahidi wa kumtambulisha. Aseniki ya rejareja ilichanganywa na masizi au nili ili ionekane. Pia tangu mwaka 1836 kulikuwa na kipimo cha James Marsh kilichoweza kuigundua ndani ya maiti. Kwa riwaya ya ukumbini sumu hii imechoka. Daftari la duka linamfumbulia kachero kila kitu.

Mfanya mazingaombwe wangu anakufa akicheza mchezo wa kudaka risasi. Nahitaji kujua bunduki ilifanyaje kazi ili niiharibu.

Tukio la kweli la kulisoma ni la William Robinson, Mmarekani aliyejulikana jukwaani kama Chung Ling Soo na aliyejifanya Mchina asiyejua Kiingereza. Alipigwa risasi mbele ya watazamaji katika ukumbi wa Wood Green Empire, London, tarehe 23 Machi 1918, akafa siku iliyofuata. Maneno aliyoyatamka alipoanguka, akiomba pazia lishushwe, yalikuwa ya Kiingereza.

Bunduki zake zilikuwa za kushindilia kwa mbele. Baruti na risasi vilitiwa kwenye mtutu mbele ya macho ya watu, na risasi zilizotiwa alama na watazamaji zilikuwa zimeshabadilishwa kwa wepesi wa mkono. Siri ilikuwa chini ya mtutu, kwenye kile kibomba ambamo kijiti cha kushindilia hulala. Kibomba hicho kilifanywa mtutu wa pili wenye baruti tupu. Kufyatua kulipeleka cheche huko chini. Mlio na moshi vikatoka, risasi ya juu ikabaki mahali pake. Baada ya onyesho aliitoa risasi kwa kuifungua bunduki upande wa nyuma badala ya kuivuta kwa mbele. Kufungua na kufunga kwa miaka kulizila hesi za kizibo cha nyuma, yaani ile mistari ya skrubu inayokishika, chembe za baruti zikapenya, na usiku ule cheche ilifika mtutu wa juu. Kikao cha korona kiliamua kuwa ni kifo cha bahati mbaya.

Kwa hadithi yako, muuaji asiye na haja ya kugusa bunduki anatisha zaidi. Anayeisafisha anajua kuwa kizibo cha nyuma sasa kinazunguka kwa vidole ilhali zamani kilidai nyenzo, na hasemi. Kachero aone mambo mawili: kizibo kinacholegea, na kitambaa cha kusafishia chenye chembe za baruti zilizotoka kwenye hesi. Kitambaa hicho kiwe cha wiki moja kabla ya kifo. Hapo ndipo bahati mbaya inapogeuka kuwa kosa la mtu. Ugumu utakaoupata ni wa sheria: kunyamaza si sawa na kuua mahakamani. Mpe msafishaji agizo la maandishi la kuikagua bunduki, lenye sahihi yake kwamba amekagua.

Mlango wa wasanii una bawabu, naye anaapa hakuna mgeni aliyepita. Muuaji aliingiaje bila kumfanya bawabu kuwa mjinga?

Bawabu aachwe na akili zake; ni mtu aliyejua nyuso mia na madeni ya kila mmoja. Tafuta mlango ambao si kazi yake. Mwigizaji William Terriss alichomwa kisu tarehe 16 Desemba 1897 akifungua mlango wake wa faragha wa ukumbi wa Adelphi, upande wa Maiden Lane, na aliyemchoma, Richard Archer Prince, alikuwa mwigizaji mwenzake aliyekosa kazi, ambaye Terriss alikuwa amewahi kumsaidia. Ukumbi mkubwa ulikuwa na milango ya namna hiyo: wa nyota, wa kuingizia mandhari zilizochorwa, wa makaa, na ule mdogo wa chuma kati ya jukwaa na upande wa watazamaji, ambao meneja na watu wachache walikuwa na ufunguo wake.

Chora ramani ya ukumbi wako kabla ya kuandika, weka kila mlango, na karibu na kila mlango andika nani ana ufunguo na nani anaketi hapo kuanzia saa ngapi. Usimsahau mwendesha taa ya chokaa. Taa ile, iliyotumika katika ukumbi wa Covent Garden, London, tangu mwaka 1837, ilikuwa kipande cha chokaa kilichopashwa kwa mwali wa oksijeni na haidrojeni hadi kikang'aa. Chokaa huliwa na moto, kwa hiyo mtu alikaa nayo juu, pembeni, akikizungusha kipande kidogo kidogo onyesho zima. Haruhusiwi kuondoka, na yuko gizani, juu ya vichwa vya wote. Kama kuna mtu aliyeuona mlango mdogo wa chuma ukifunguliwa katikati ya wimbo, ni yeye. Mvalishaji ampelekee chai.